Msimbati, Kilwa Kisiwani, Mikindani au Kitunda: njia ipi ya kutembea pwani ya Kusini inakufaa?

Mtu akiuliza wapi pa kutembea kwa miguu pwani ya Lindi na Mtwara, mara nyingi hupewa jina la ufukwe na idadi ya kilomita. Havimsaidii sana. Kilomita saba za kutoka Msimbati hadi Ruvula zinaweza kuwa matembezi ya muda wa saa mbili, miguu mikavu, mchanga mgumu kama sakafu. Zinaweza pia kuwa mapambano ya muda wa saa nne kwenye mchanga laini unaoteremka, jua likiwa utosini. Ufukwe ni uleule na mtembeaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni saa ya maji.

Kwa hiyo hapa tunalinganisha njia nne kwa vitu viwili vinavyoamua kila kitu pwani: maji yanafanya nini, na chini ya mguu kuna nini. Uzuri wa mandhari tumeuacha pembeni, maana zote nne ni nzuri na hakuna atakayejuta kwa sababu hiyo. Wanaojuta ni waliokwenda siku isiyofaa.

Maji kwanza, njia baadaye

Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku chache kuanzia mwezi mwandamo na kuanzia mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa hufika mita tatu na zaidi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haijai sana wala haitoki mbali.

Mgeni wa pwani hudhani saa hizi hubadilika hovyo. Sivyo. Siku za bamvua pwani hii hukauka kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi saa nne bahari imejaa, na kupwa kunakuja alasiri. Ndiyo maana kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani ni ratiba nzuri ya kuanzia. Tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 za mwezi mwandamo zina bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 zina maji mafu. Ukishapata siku, hakikisha dakika zake kwenye jedwali la maji la simu, kisha muulize mvuvi.

Kwa mtembeaji wa ufukweni, siku ya bamvua ni neema na ni mtego. Ni neema kwa sababu asubuhi yote unapata mchanga mpana, mgumu, na miamba iliyo wazi. Ni mtego kwa sababu yale maji yaliyotoka mbali yatarudi yote, na hayarudi kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote cha kujaa mafungu 12: muda wa saa ya kwanza bahari hupanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kama tofauti ni mita 3.5, basi katika saa ya tatu na ya nne maji hupanda karibu sentimita 87 kila saa. Mtu anayeangalia bahari saa ya kwanza huiona kama imelala, akaendelea na safari. Anapogutuka, ile kona ya mwamba aliyopita kwa miguu mikavu ina maji ya kifua.

Kanuni tunayoishikilia kwa njia zote nne: anza kutembea kama saa mbili kabla ya maji kukauka kabisa, na ugeuke yanapofika chini kabisa, hata kama bado unajisikia una nguvu. Hapo unarudi huku bahari ikiwa kwenye mafungu yake madogo.

Upepo nao una neno. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba na huwa mkali zaidi katikati ya kipindi hicho, hasa mchana. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi. Mvua za Kusini ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miezi mikavu, Juni hadi Oktoba, ndiyo ya kutembea. Mwezi Mei uangalie kwa makini: mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, na waliokuwa njiani walikwama. Aprili ya 1952 kimbunga kiliipiga Lindi yenyewe. Ni matukio ya nadra, lakini yamekuja mwishoni mwa mvua, wakati ambao watu huanza kupanga safari.

Msimbati hadi Ruvula

Hii ndiyo njia ya ufukwe halisi. Msimbati iko kama kilomita 45 kutoka Mtwara mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kiingilio hulipwa ofisi ya hifadhi kijijini, na stakabadhi utembee nayo. Kutoka hapo hadi Ruvula, karibu na ncha ya rasi, ni kama kilomita saba. Upande mmoja una bahari kuu na mchanga mweupe. Upande wa pili, ukivuka minazi na vichaka, kuna ghuba tulivu yenye mikoko.

Kinachofanya njia hii iwe rahisi au ngumu ni umbo la ufukwe. Sehemu ya juu ina mwinuko na mchanga wake ni mkavu, laini, unaozamisha mguu hadi kifundoni. Maji yakijaa, hiyo ndiyo sehemu pekee inayobaki. Utatembea mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini, na baada ya kilomita tatu nyonga na goti la upande wa bahari huanza kulalamika. Maji yakitoka, unafunguka ukanda wa mchanga mbichi ulioshikana, karibu tambarare. Ukanyage ule uliotoka majini karibuni na bado unang'aa kidogo. Ukianza kupauka umeshalegea.

Maji yakikuwahi, hapa hutanaswa, na hilo ni jambo kubwa la kuzingatia kwa anayeanza. Hakuna kona ya mwamba ya kukufungia njia. Unapanda juu na kushika barabara ya mchanga inayopita kati ya minazi. Utachelewa na utachoka, lakini utafika.

Hatari ya Msimbati ziko tatu, na hakuna hata moja inayotokana na njia yenyewe. Ya kwanza ni kuoga. Kina cha bahari hushuka ghafla karibu na ufukwe na mkondo upo, kwa hiyo asiyejua kuogelea aishie maji ya magotini. Ya pili ni jua. Kivuli kipo juu, si unakotembea. Kusi linapovuma hukausha jasho kabla hujalihisi, mtu akadhani hajapoteza maji, kumbe kichwa kinachouma alasiri ni kiu ya asubuhi. Beba lita tatu kwa kila mtu na unywe kila dakika 20, hata kama huna hamu. Ya tatu ni kupotea mahali pasipotakiwa. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982 na imekuwa ikizalishwa tangu 2006. Ukiona uzio na vibao, pita mbali na usielekeze kamera huko. Mto Ruvuma ni mpaka na Msumbiji, na tangu 2017 upande wa pili, jimbo la Cabo Delgado, umekuwa na mapigano. Kutembea kuelekea mdomo wa mto bila kuripoti ofisi ya kijiji ni kujitafutia maswali marefu. Kitambulisho cha NIDA, au pasipoti kwa mgeni, kikae mfukoni.

Usafiri wa umma kutoka Mtwara upo, ila ulizia gari la mwisho la kurudi kabla hujashuka, siyo baada. Ukichukua bodaboda kutoka Msimbati kwenda Ruvula, jua kwamba pikipiki huyumba sana kwenye mchanga ule. Ni afadhali kwenda kwa miguu maji yakiwa yametoka na kurudi kwa pikipiki kuliko kinyume chake, maana jioni ya bamvua ufukwe umemezwa.

Kilwa Kisiwani

Hapa kilomita ni chache na mambo ni mengi. Ni njia pekee kati ya hizi nne inayokupa ufukwe, mikoko, vichaka vyenye mibuyu na genge la bahari, yaani ukuta mrefu wa mwamba, ndani ya nusu siku, na juu ya hilo genge pamesimama jengo la karne ya 14.

Taratibu zake ziko wazi. Kibali hupatikana ofisi inayosimamia magofu huko Kilwa Masoko, na utatembea na mwongozaji. Wapo wanaoona mwongozaji ni gharama ya kukwepa. Hapa msimamo wetu ni mmoja: usikwepe. Mahali hapa ni urithi wa dunia tangu 1981, liliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na kuta zake bado ni mawe ya matumbawe na chokaa ambayo mguu mmoja wa kizembe huweza kuyaporomosha.

Kuvuka kutoka Masoko ni mlangobahari wa kama kilomita mbili, kwa mashua ya tanga au boti ya injini. Vuka mapema asubuhi. Mchana kusi likisimama, na maji yakawa yanakwenda kinyume na upepo, mawimbi ya pale katikati huwa mafupi na ya ghafla. Utalowa, na mashua ya tanga huweza kuchukua muda mara mbili ya ule wa kwenda. Kubaliana na nahodha bei ya kwenda na kurudi pamoja na saa za kusubiri kabla mguu haujaingia chomboni, na uombe jaketi la kuokolea ulivae, usilikalie.

Unashukia karibu na Gereza, ngome ambayo Wareno waliijenga mwaka 1505 na Waomani wakaijenga upya baadaye. Kutoka hapo njia ni ya udongo mgumu hadi Msikiti Mkuu na kuta za jumba la Makutani. Mtu yeyote mwenye raba za kawaida anaweza.

Uamuzi unakuja unapotaka kwenda Husuni Kubwa, kama kilomita moja na nusu hadi mbili mashariki. Maji yakiwa yametoka unaweza kupita ufukweni. Maji yakiwa yamejaa unazunguka kwa njia ya ndani, ndefu kidogo, kupitia mashamba na vichaka. Waliochagua vizuri siku yao huenda kwa ufukweni asubuhi na kurudi kwa ndani. Kama umekuja siku ya maji mafu, usilazimishe ufukwe. Njia ya ndani ina kivuli na haikupunguzii kitu.

Husuni Kubwa lilijengwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya 100, na birika lake la pembe nane bado linaonekana. Limekaa juu ya genge linalotazama njia ya vyombo. Simama pale na utaelewa kwa nini pakachaguliwa: kila chombo kinachoingia bandarini kinaonekana kutoka mbali, na upepo hauachi kupuliza.

Basi genge hilo liheshimu. Mwamba wa pwani yetu ni matumbawe ya kale yaliyoinuka, na mawimbi huula usawa wa maji kujaa, yaani chini. Juu hubaki kama kibaraza kisicho na nguzo. Kutoka juu huwezi kujua umesimama juu ya jiwe zima au juu ya hewa. Baki mita tatu kutoka ukingoni, angalia nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, na usiwaruhusu watoto watangulie. Ukiwa chini ufukweni, usipumzike kwenye kile kivuli kizuri cha chini ya genge. Vipande vilivyolala mchangani vilidondoka kutoka hapo juu ya kichwa chako.

Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu kusini zaidi, usiiunganishe siku hiyohiyo. Inahitaji boti yake na mara nyingi kushuka majini kando ya mikoko kabla ya kufika nchi kavu. Atakayejaribu vyote viwili kwa siku moja ya bamvua atakuta maji yanamfaa sehemu moja na kumkatalia nyingine.

Mikindani, na Msangamkuu kwa wenye watoto

Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini na daladala ni nyingi. Ndiyo njia ya mtu mwenye asubuhi moja tu. Anza mji wa kale: milango ya kuchonga, nyumba za mawe, na kituo alichopitia Livingstone mwaka 1866 kabla ya kuelekea bara kwa mara ya mwisho. Panda hadi Boma la Wajerumani la mwaka 1895, kisha endelea na kijia kinachopanda kilima cha nyuma hadi uone ghuba yote chini, karibu duara kamili, na mlango wake mwembamba wa kuingilia baharini.

Kwa miguu hapa ni mwendo wa kupanda na kushuka, siyo wa ufukwe. Saa ya maji haikusumbui mpaka uamue kuzunguka ghuba. Hapo ndipo watu hukosea. Ghuba iliyofungwa hukusanya tope, na tope huleta mikoko. Kutoka kilimani inaonekana kama utepe wa kijani wa kuvuka kwa dakika kumi; ukiwa ndani yake, mita 300 zinaweza kukuchukua nusu saa. Chukua kijana wa kijijini anayechimba chambo au anayevua kaa humo, au uzunguke kwa barabara.

Kwa watoto na wazee tunapendekeza Msangamkuu. Unavuka kwa kivuko kutoka Mtwara, unashuka, unafuata ufukwe kadiri miguu ya mdogo kuliko wote inavyoruhusu, unarudi. Hakuna genge wala tope la kushindana nalo. Ubaya wake ni mmoja: kivuko kina ratiba yake, na Jumapili jioni foleni ni ndefu.

Kitunda, ng'ambo ya Lindi

Kutoka ukingo wa mji wa Lindi unavuka mdomo wa mto Lukuledi na kufika Kitunda. Kuna vilima vya mawe ya chokaa, magenge ya kiasi, minazi, ufukwe mdogo mdogo uliokatwakatwa na miamba. Ni njia ya anayejua anachofanya. Kati ya zote nne ndiyo yenye kona za mwamba zinazofungwa na maji yakipanda, na vijia vya juu hupotea kwenye vichaka msimu wa mvua. Nenda siku ya bamvua, asubuhi tu, na mwenyeji. Malipo yake ni mandhari ya ghuba ya Lindi ambayo ukiwa mjini huipati.

Anayetaka msitu mnene wa kweli, hakuna njia kati ya hizi itakayomtosheleza. Aende Litipo, karibu na Rutamba, bara kutoka Lindi, akiwa na kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali. Bahari haitakuwepo.

| | Msimbati–Ruvula | Kilwa Kisiwani | Mikindani | Kitunda |
|---|---|---|---|---|
| Muda wa kutosha | siku nzima | nusu siku na kuvuka | asubuhi | asubuhi |
| Chini ya mguu | mchanga | udongo, mchanga, mwamba | kilima, mawe | mwamba, vichaka |
| Maji yakijaa | unachelewa | unazunguka ndani | hayahusu | yanakufungia |
| Kibali | ofisi ya hifadhi | ofisi ya magofu | hakuna kwa mji | toa taarifa kijijini |
| Siku za maji mafu | usiende | sawa | sawa | usiende |

Mwamba, tope na vichaka: kinachoharibika ni nini

Viatu ndivyo huamua, na hakuna kimoja kinachofaa kote. Mwamba wa matumbawe una meno. Kandambili hukatika na soli laini huchanika. Vaa raba za soli ngumu, zile za zamani usizoogopa kulowesha. Kwenye mchanga mbichi unaweza kwenda pekupeku, ila si kwenye maji ya mapajani yenye majani ya bahari, ambako kuna viumbe vyenye miiba mirefu myeusi na samaki aina ya taa waliojifukia. Usinyanyue mguu ukiwa humo, uburute. Taa akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni huchoma. Aliyechomwa atumbukize mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa dakika 30 hadi 90, kisha aende hospitali: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, Kinyonga kwa Kilwa. Sumu yake hulegezwa na joto, ndiyo maana barafu haisaidii.

Tope la mikoko linasomwa kwa miti. Penye mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, tope huwa laini na refu. Penye mchu, wenye vijizizi vilivyochomoza wima kama penseli, mara nyingi chini kuna mchanga na panabeba mtu. Kwa hiyo ukilazimika kukatiza, fuata mchu, na ukanyage karibu na shina. Mguu ukizama hadi gotini usiuvute kwa nguvu, utauacha mguu wa pili uzame zaidi. Kaa kitako au egemea nyuma, tikisa kisigino taratibu maji yaingie pembeni ya mguu, utatoka. Kandambili haitatoka.

Vichakani adui mkubwa ni upupu. Maganda yake hukauka msimu huohuo tunaoupendekeza kutembea, na vinyweleo vyake vya kahawia hupeperushwa hata bila kuguswa. Mikono mirefu na suruali nyepesi humaliza tatizo. Ukipata, usikune na usisugue. Bandika na kubandua selotepu mpaka vinyweleo vitoke, ndipo uoge.

Kuna jambo lingine ambalo walio nje ya Kusini hawalitarajii. Kati ya Mei na Agosti wakulima hupulizia mikorosho salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiri, na huifanya alfajiri upepo ukiwa umetulia, yaani wakati uleule unaoondoka kuwahi maji. Vumbi lile huchoma macho na koo. Ukisikia mashine ya kupulizia mbele yako, simama upande upepo unakotoka usubiri itulie, au funga kitambaa kilicholowa puani. Usimpigie mkulima kelele. Hiyo ni korosho yake ya Oktoba.

Kwenye mfuko, mbali na maji: pakiti mbili za ORS, kofia yenye kamba ya kidevuni, kanga au kikoi cha kujifunika jua na cha kujistiri unapoingia kijijini, bandeji, pawabenki, na mfuko wa plastiki wa kufungia simu. Chakula kiwe cha kuliwa umesimama: mihogo ya kuchemsha, karanga, vitumbua vya asubuhi. Madafu utayapata vijijini, ila usiyahesabu kama sehemu ya lita zako, maana mkwezi huenda amekwenda baharini. Namba ya dharura ni 112, na mtandao hukatika nyuma ya vilima, kwa hiyo mwachie mtu aliyebaki jina la njia na saa ya kurudi.

Ukiwa bado hujaamua

Anza na tarehe, siyo na jina. Una Jumamosi moja tu, na kalenda inasema ni tarehe 9 ya mwezi mwandamo? Futa Msimbati na Kitunda, chagua kati ya Mikindani na Kilwa. Ni tarehe 2 au 16? Msimbati itakupa asubuhi usiyoisahau, mradi saa mbili uwe umeshaanza kutembea. Una mtu mwenye magoti mabovu? Msimbati ya maji kujaa itamuumiza kuliko kilima cha Mikindani, ingawa kwenye ramani inaonekana tambarare. Unataka genge na hujawahi kutembea juu ya mwamba? Kilwa kwanza, Kitunda mwakani.

Na ukifika, swali unalomuuliza mwenyeji lipange vizuri. Mzee aliyeketi akishona nyavu, ukishamwamkia shikamoo na kujuliana hali, usimuulize "Tunaweza kufika kwa hapa ufukweni?" Kwa ustaarabu atakujibu mtafika, maana yeye angefika. Muulize hivi: "Mzee, leo maji yanageuka saa ngapi? Na yakigeuka nikiwa kule kwenye mwamba, wewe ungepandia wapi?" Atanyanyua mkono na kukuonyesha mti au mnazi fulani. Ukariri ule mti kabla hujaondoka.